Dereva wa lori alipopewa uso: Filamu za bei nafuu zilizotamba Marekani katika miaka ya 1970

Katikati ya miaka ya 1970, msururu wa filamu zilizotengenezwa kwa fedha kidogo nchini Marekani ulimweka dereva wa lori mahali palipokuwa pa kauboi: katikati ya hadithi. Filamu hizo zilipata watazamaji wengi katika sinema za wazi, ambako watu walitazama wakiwa ndani ya magari yao, na wahakiki wengi wa magazeti makubwa hawakuzipa uzito. Hata hivyo, nyuma ya vumbi, honi na ajali za kupangwa, zile zilizo bora kati yake zilisimulia jambo ambalo kila dereva wa masafa marefu analifahamu: lori lililonunuliwa kwa mkopo, na watu wengi wanaosubiri njiani kula jasho la dereva kabla mwenyewe hajafika nyumbani.

Filamu hizo zilitoka wapi, zilisema nini, na kwa nini zilitoweka haraka namna ile?

Sinema ya garini ilikuwa nini?

Sinema ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa na Richard Hollingshead tarehe 6 Juni 1933, karibu na mji wa Camden katika jimbo la New Jersey. Wazo lake lilikuwa jepesi: skrini kubwa mbele ya uwanja, na safu za matuta ambapo kila gari lilipanda kwa magurudumu ya mbele, ili waliokaa nyuma waone juu ya paa la gari lililowatangulia. Mwanzoni sauti ilitoka kwenye vipaza sauti vikubwa vilivyowekwa karibu na skrini. Baadaye kila gari lilipata kipaza sauti chake kidogo cha kuning'inizwa dirishani.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, familia nyingi za Marekani zilinunua magari na kuhamia pembezoni mwa miji, ambako ardhi ilikuwa bado rahisi. Sinema za garini zikaongezeka kwa kasi, na kufikia mwaka 1958 zilikuwa zaidi ya 4,000. Wazazi walikwenda na watoto wakiwa tayari wamevaa nguo za kulalia. Vijana walikwenda wawili wawili, na si wote waliokuwa na haja kubwa ya kutazama skrini.

Mazingira hayo ndiyo yaliyoamua ni filamu za namna gani zingefaa. Mwenye sinema alipata sehemu kubwa ya faida yake kutokana na vyakula na vinywaji, hivyo alitaka watu wakae muda mrefu, na kwa kawaida alionesha filamu mbili au zaidi kwa usiku mmoja. Filamu mpya za studio kubwa zilikodishwa kwa gharama ya juu, na mara nyingi zilitangulia kuoneshwa katika kumbi za mjini. Aliyehitaji kujaza uwanja wake kila wiki alitafuta filamu ya bei nafuu, yenye jina linalovuta na bango linaloonekana kutoka mbali. Na kwa kuwa sauti ya kipaza cha dirishani ilikuwa hafifu, hadithi ilipaswa kueleweka kwa macho. Mazungumzo marefu hayakufaa. Gari linalopinduka lilieleweka na kila mtu.

Yalikuwapo makampuni yaliyoishi kwa kukidhi haja hiyo. Mojawapo ni American International Pictures, iliyoanzishwa katika miaka ya 1950 na James H. Nicholson na Samuel Z. Arkoff. Ilifahamika kwa desturi ya kubuni jina na bango kwanza, kisha kutafuta mtu wa kuandika hadithi itakayolingana navyo. Nyingine ni New World Pictures ya Roger Corman, mtayarishaji aliyewapa kazi vijana wengi wasiokuwa na jina, akawalipa kidogo, na kuwaacha wajifunze kwa kutenda.

Kwa watayarishaji wa namna hiyo, barabara kuu ilikuwa neema. Haihitaji kujengwa wala kupakwa rangi, jua huiangaza bure, na lori lililokodiwa kwa siku chache huonekana kubwa na la kutisha kuliko mandhari nyingi za studio zilizogharimu mamilioni.

Kwa nini dereva wa lori, na kwa nini wakati ule?

Malori yalikuwa yamekwisha kuonekana katika filamu za Marekani tangu zamani. They Drive by Night ya mwaka 1940, iliyoongozwa na Raoul Walsh, ilihusu ndugu wawili wanaohangaika kulipia lori lao, na Thieves' Highway ya Jules Dassin, ya mwaka 1949, ilihusu madereva wanaodhulumiwa na wafanyabiashara wa soko la matunda. Lakini mambo matatu yaliyotokea baadaye yalimfanya dereva wa lori kuwa habari ya taifa zima.

La kwanza ni barabara zenyewe. Mwaka 1956 Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria iliyoanzisha ujenzi wa mtandao mkubwa wa barabara kuu za kuunganisha majimbo. Mizigo mingi iliyosafirishwa kwa reli ikahamia kwenye malori, na wakatokea madereva wengi waliomiliki lori moja kila mmoja, aghalabu kwa mkopo. Mwenye lori lake alijiona huru, kwa maana hakuwa na msimamizi wa kumfokea. Lakini benki ilikuwa msimamizi asiyelala.

La pili ni mafuta. Mnamo Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazozalisha mafuta zilisitisha kuiuzia Marekani, kwa sababu ya msaada wake kwa Israel katika vita vya mwezi huo. Bei ya dizeli ilipanda na vituo vingi vikaishiwa. Januari 1974 Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya kuokoa mafuta iliyoweka kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa, yaani takriban kilomita 88. Kwa mwenye gari dogo huo ulikuwa usumbufu. Kwa dereva anayelipwa kwa umbali au kwa mzigo ulikuwa pigo, kwa maana mwendo ukipungua, siku huwa ndefu na mapato huwa mafupi, ilhali marejesho ya mkopo hayapungui. Mnamo Desemba 1973 madereva walifunga barabara katika majimbo kadhaa, na Februari 1974 wenye malori yao wakagoma. Palitokea vurugu, na baadhi ya magavana waliita vikosi vya akiba vya jeshi.

La tatu ni redio za mawasiliano zilizojulikana kwa herufi mbili tu, CB. Kwa redio hizo ndogo madereva walielezana wapi pana mafuta, wapi pana foleni, na askari amejificha nyuma ya mti upi. Ikazuka lugha yao ya mafumbo. Askari wa barabarani aliitwa Smokey, kwa sababu kofia yake ya ukingo mpana ilifanana na ya Smokey Bear, dubu wa kuchorwa anayewaonya Wamarekani kuhusu moto wa misituni. Kila dereva alijipa jina la kificho. Mtindo huo ulienea hata kwa wasioendesha malori, kiasi kwamba Betty Ford, mke wa Rais Gerald Ford, naye alikuwa na jina lake la hewani, First Mama. Januari 1976 wimbo Convoy, ulioimbwa na C. W. McCall kuhusu msafara wa malori unaokaidi polisi, ulishika nafasi ya kwanza nchini humo.

Watayarishaji wa filamu za bei nafuu hawakuhitaji ishara nyingine.

Lori bila dereva, kisha dereva mwenye deni

Kabla ya hapo, filamu iliyokumbukwa zaidi kuhusu lori ilikuwa Duel, iliyooneshwa na kituo cha televisheni cha ABC tarehe 13 Novemba 1971. Muongozaji wake, Steven Spielberg, alikuwa na umri wa miaka 24. Mfanyabiashara mmoja katika gari dogo analipita lori kuukuu la mafuta, na tangu hapo lori hilo linamwinda kwa nia ya kumuua. Ni filamu ya ustadi mkubwa, lakini ndani yake dereva wa lori hana sura. Tunaona mkono wake, tunaona viatu vyake, basi. Hana jina, hana sababu, hana nyumba. Ni jinsi mtu aliye katika gari dogo anavyoliona lori: chuma kikubwa kisicho na mtu ndani.

White Line Fever, iliyotoka mwaka 1975, iligeuza kamera upande wa pili. Ilisambazwa na studio kubwa ya Columbia, lakini kwa bajeti ndogo, na muongozaji wake Jonathan Kaplan alikuwa amepata mafunzo yake kwa Corman. Jina la filamu linatokana na msemo wa madereva kuhusu hali ya kuzubaa inayomshika mtu aliyetazama mstari mweupe wa barabara kwa saa nyingi mno.

Shujaa wake, Carrol Jo Hummer, aliyeigizwa na Jan-Michael Vincent, anarudi kutoka jeshini hadi Tucson, Arizona. Anaoa, kisha anachukua mkopo wa kununua lori analoliita Blue Mule, yaani Nyumbu wa Buluu. Katika siku zake za kwanza kazini anatakiwa kubeba bidhaa za magendo, zikiwamo sigara zisizolipiwa ushuru. Anakataa. Kuanzia hapo hapewi mzigo popote. Anapigwa, anasingiziwa, nyumba yao inachomwa moto na mkewe anajeruhiwa. Kadiri anavyopanda ngazi kumtafuta mkosaji, ndivyo anavyogundua kwamba juu ya kila tapeli mdogo yupo mkubwa zaidi, na juu kabisa ipo kampuni yenye ofisi za kioo. Mwishoni analirusha lori lake lenyewe, lile la mkopo, na kuivunja nembo kubwa ya kioo ya kampuni hiyo.

Tukio hilo lilipigwa kwa ajili ya watu waliolipia kuona kioo kikivunjika. Lakini lina uzito kwa sababu mtazamaji ameshajua lori lile linagharimu kiasi gani. Shujaa wa filamu ya kawaida huhatarisha maisha yake. Huyu anahatarisha marejesho ya mwezi, na kwa watu waliokuwa wakitazama ndani ya magari yao, huenda hilo lilieleweka haraka zaidi.

Vituo vya njiani: hakimu, mahabusu na kiinua mgongo

Filamu nyingine ziliokota vipande vya maisha hayo hayo, baadhi kwa ustadi, baadhi kwa pupa. Truck Stop Women ya mwaka 1974, iliyoongozwa na Mark L. Lester, ilihusu mama na binti wanaoendesha kituo cha malori ambacho pia ni danguro na soko la mizigo iliyoibwa, hadi wahalifu wa mjini wanapodai sehemu yao. Ni filamu ya kuuza ngozi na risasi, lakini inajua kwamba kituo cha malori ni uchumi mzima, wenye watu wengi wanaokula pale ambapo dereva anasimama.

Breaker! Breaker! ya mwaka 1977, iliyosambazwa na American International Pictures, ni miongoni mwa filamu za kwanza kumpa Chuck Norris nafasi ya mhusika mkuu. Dereva anamtafuta mdogo wake aliyepotea katika mji mdogo wa California, ambako hakimu mlevi na askari wake huwanasa wapita njia na kuwatoza faini wanazojipangia. Mateke ni mengi na mantiki ni haba. Lakini mwishoni madereva wenzake wanaitana kwa redio, wanaingia na malori yao, na kuuponda mji ule jengo baada ya jengo. Yeyote aliyewahi kusimamishwa barabarani na mtu mwenye sare na tamaa anaelewa kwa nini watazamaji walipiga honi.

Tulivu zaidi ni The Great Smokey Roadblock, ambamo Henry Fonda, mmoja wa waigizaji wakongwe wa Hollywood, ni dereva mzee mgonjwa. Akiwa amelazwa hospitalini, wadai wanalitwaa lori lake. Anatoroka, analiiba, na kuanza safari moja ya mwisho, kwa sababu hataki kumaliza kazi yake kama mtu aliyenyang'anywa.

Deni lilipogeuzwa mchezo

Mei 1977 ilitoka filamu iliyobadilisha kila kitu. Smokey and the Bandit iliongozwa na Hal Needham, mtaalamu wa michezo ya hatari ya filamu ambaye hakuwa ameongoza filamu yoyote kabla yake. Madereva wawili wanakubali dau: kupeleka katoni 400 za bia ya Coors kutoka Texarkana hadi Atlanta, kwenda na kurudi kwa saa 28. Bia hiyo haikuwa ikiuzwa kihalali katika majimbo ya mashariki. Jerry Reed anaendesha lori, na Burt Reynolds anatangulia kwa gari la kifahari ili kuwavuta polisi wamfuate yeye.

Ilipooneshwa kwanza katika ukumbi wa Radio City mjini New York haikuchangamkiwa. Ilipofika majimbo ya kusini, watu walifurika. Kwa gharama ya takriban dola milioni 4, iliingiza zaidi ya dola milioni 100 nchini Marekani pekee.

Ni filamu ya kuchekesha, na Reynolds ana haiba isiyokataliwa. Lakini tazama kilichotoweka. Hakuna mkopo, hakuna benki, hakuna mke anayehesabu senti. Magendo, ambayo yalikuwa aibu aliyoikataa shujaa wa White Line Fever, sasa ni utani. Kikomo cha mwendo, kilichowatoa madereva barabarani kwa hasira miaka mitatu kabla, sasa ni kisingizio cha kufukuzana. Na mbele ya macho yetu nyota wa filamu ya malori ameshuka kwenye lori na kuingia katika gari dogo.

Mwaka uliofuata Sam Peckinpah, muongozaji mwenye jina kubwa, alitengeneza Convoy kutokana na ule wimbo, akiwa na Kris Kristofferson kama dereva anayeitwa Rubber Duck. Bajeti ilifikia takriban dola milioni 12. Msafara wa malori unakuwa maandamano, na wanasiasa wanakimbilia kuupanda mgongoni, lakini madereva wenyewe wakiulizwa wanaandamana kwa ajili ya nini, kila mmoja ana jibu lake. Ilipata fedha nyingi kuliko filamu zote za Peckinpah.

Convoy ilikuwa na jambo moja ambalo nyingi za wenzake zilikosa: madereva Weusi wenye majina na hoja. Spider Mike, aliyeigizwa na Franklyn Ajaye, anakamatwa na kupigwa na maafisa wa Texas wakati mkewe anakaribia kujifungua, na Rubber Duck na baadhi ya madereva wenzake wanaondoka kwenda kumtoa. Widow Woman, mwanamke anayeendesha lori lake mwenyewe, aliigizwa na Madge Sinclair, mzaliwa wa Jamaika. Wasomaji wengi wameisikia sauti yake bila kujua: ndiye aliyemsemea Sarabi, mama yake Simba, katika The Lion King ya mwaka 1994, mhusika ambaye jina lake ni la Kiswahili, lenye maana ya mazigazi.

Kwa nini zilitoweka?

Mtindo uliisha kwa njia ambayo mitindo mingi huisha. Mwaka 1978 Clint Eastwood alicheza dereva wa lori anayesafiri na orangutani katika Every Which Way but Loose, na mwaka 1979 televisheni ya NBC ikaleta BJ and the Bear, kuhusu dereva na sokwe wake. Dereva mwenye deni alikuwa amegeuka mtu wa kuchekesha anayefuatana na mnyama. Mwaka huohuo American International Pictures ilimezwa na kampuni nyingine. Kanda za video zikaingia majumbani, na ardhi ya pembezoni mwa miji ikapanda bei kiasi kwamba uwanja wa sinema ulikuwa na faida zaidi ukiuzwa. Leo sinema za garini zilizosalia Marekani ni takriban 300.

Barabarani nako mambo yaligeuka. Tarehe 1 Julai 1980 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyolegeza udhibiti wa serikali juu ya usafirishaji kwa malori, udhibiti uliokuwapo tangu mwaka 1935. Makampuni mapya yaliingia kwa wingi, nauli za mizigo zikashuka na bidhaa zikasafirishwa kwa bei ndogo. Waliobeba gharama ya unafuu huo kwa sehemu kubwa ni madereva: chama chao cha wafanyakazi kilipoteza nguvu, na malipo yao yalipungua thamani. Wakati ambapo dereva halisi alihitaji zaidi hadithi yake isimuliwe, skrini zilikuwa zimekwisha kuzimwa.

Hilo lina maana gani kwetu?

Sinema za garini zilifika hata Afrika Mashariki. Nairobi ilikuwa na Fox na Belle Vue, na Dar es Salaam ilikuwa na ya kwake tangu mwaka 1966. Lakini kinachotugusa zaidi ni yule mtu aliye nyuma ya usukani. Kutoka Mombasa na Dar es Salaam hadi Kampala, Kigali, Bujumbura na mashariki ya Kongo, chumvi, dawa, saruji na mafuta hutufikia kwa malori, na Kiswahili ndiyo lugha ya barabara hiyo: lugha ya dereva na utingo wake, ya mizani, ya mpakani na ya mama anayeuza chai usiku wa manane.

Mwaka 2020, janga la corona lilipofunga mipaka, foleni za malori zilinyooka kwa kilomita nyingi kabla ya Malaba. Madereva walilala ndani ya malori yao kwa siku kadhaa wakisubiri vipimo, na katika takwimu zilizotangazwa kila siku walihesabiwa kama kundi la pekee. Katika baadhi ya miji waliogopwa. Walikuwa wamegeuka kuwa lori lile la Duel: chuma kikubwa kinachokuja na hatari, bila mtu ndani.

Filamu za bei nafuu za miaka ya 1970 zilikuwa na kasoro nyingi, na baadhi hazistahili kutazamwa mara ya pili. Lakini White Line Fever na chache mfano wake zilifanya jambo moja la haki. Zilifungua mlango wa lori, zikamwonesha aliyekaa ndani, na zikataja hadharani kiasi anachodaiwa.